Karai Mlangoni pa Baladiya

Kila nyumba tuliyohamia Mombasa, Halati Kuluthumu alianza na maji. Mizigo haijashuka, hajauliza hata jikoni ni wapi, yeye keshachukua kikombe, kakinga bombani au kachota kisimani, kaonja, kasukutua, katema. Kisha husema, "Haya. Ni maji, lakini si ya kwetu." Mimi niliyekuwa mdogo nilimcheka.

Kwao palikuwa Koyama, kimoja katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo. Mimi sikuzaliwa huko. Nilizaliwa Mombasa, katika kambi ya wakimbizi, mama yangu Zakia na mdogo wake, Halati Kuluthumu, wakiwa wamefika na nguo za mwilini tu. Nilipoanza chuo cha Kurani, mama alipata njia ya kwenda Uingereza, akaniacha kwa Halati mpaka mambo yake yatengemae. Mambo hayo yalichukua miaka. Alipopata uwezo wa kuniita, nilikuwa nishaolewa. Kwa hivyo aliyenilea ni Halati, na haya ninayoyasimulia ama niliyaona kwa macho yangu, ama aliniambia mwenyewe, mara nyingi na kwa maneno yale yale, hata nikayahifadhi kama Alhamdu.

Masimulizi yake ya Koyama hayakuanza na bahari, kama ungelivyotarajia kwa watu wa kisiwani. Yalianza na jabia. Jabia, kwa asiyelijua, ni sakafu pana iliyopigwa chokaa, imeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatiririke yaingie katika birika lililochimbwa chini yake. Visima vya Koyama vina chumvi, basi mvua ya masika ndiyo iliyowanywesha watu mwaka mzima. Na kabla ya masika, wanawake walilisafisha jabia.

"Ilikuwa kama sikukuu," Halati akisema, huku akituchambulia samaki miiba. "Mama yangu na wenziwe wanafunga leso kiunoni, wanatoka na mafagio ya chelewa. Wengine wanafagia, wengine wanapiga pembe za vugo na kuimba. Wali wa nazi uko motoni pale pembeni. Na ole wake mtoto atakayepita na viatu juu ya jabia! Mama hakuuliza mwana wa nani."

Mama yake alikuwa Mwanalima, bibi yangu, ambaye namkumbuka kwa mbali tu, mwanamke mwembamba aliyelala kwenye jamvi kambini na kuuliza kila jioni kama boti la kurudi limepatikana. Tulimzika Mombasa. Lakini katika masimulizi ya Halati, Bibi Mwanalima hakuwahi kulala. Alikuwa akipasua samaki, papa na taa, akiwatia chumvi, akiwaanika juani mpaka wawe ng'onda, kisha akiwapeleka Kismayo kuuza mwenyewe. Alisuka mikeka ya rangi ambayo wasichana wa Kismayo hawakuolewa bila ya kuwa nayo. Halati alikuwa na jambo moja alilopenda kulitia mkazo: "Wanawake wa Koyama hawakuwa matajiri. Lakini hapana aliyemwomba mumewe nauli ya kwenda Kismayo. Maji yalikuwa pale mlangoni, asubuhi yote ni yako."

Halafu vita vikaja. Hilo hakupenda kulisimulia, alilikata kwa maneno machache. Walikuja watu wenye bunduki, wakachukua mashine za boti, wakachukua nyavu, wakachukua unga. Walipokuja tena na hapakuwa na cha kuchukua, watu wakajua kilichobaki ni wao wenyewe. Babu yangu Mbwana aliwapakia mkewe na wanawe katika chombo cha jirani, naye akabaki kulinda nyumba. Hawakumwona tena.

Mombasa Halati aliolewa na Shee, mtu wa kwao, aliyekuwa hamali bandari ya kale. Alikuwa mpole sana, anacheka bila ya sauti. Maradhi ya kifua yakamwondoa kabla ya wakati wake. Mungu hakuwajaalia mtoto, wakawa na mimi. Baada ya msiba Halati alikaanga samaki barazani, na wale wasionunuliwa akawapandisha darini kuwaanika, mpaka mke wa mwenye nyumba akaja kulalamika kuwa harufu imeingia katika nguo zake za harusi. "Harufu hii," Halati akamjibu, "kwetu ndiyo iliyonunua nguo za harusi." Tulihama mwezi uliofuata.

Nilipokwisha kuolewa na akaniona nimetulia, aliniita jikoni akaniambia, "Tasnim, narudi."

"Koyama? Halati, huko kuna nini?"

"Sijui kuna nini. Ndiyo maana narudi."

Wakati ule watu walikuwa wameanza kusema Kismayo imetulia kidogo. Kutulia kwenyewe kulikuwa na askari bandarini na vizuizi njiani, lakini wafanyabiashara walikuwa wakienda na kurudi. Halati aliondoka na wanawake wengine wa Kibajuni, akapanga chumba mtaa wa Alanley, akatafuta karai. Koyama hakwenda mara moja. Aliniambia baadaye kuwa aliogopa. Alikuwa akienda gatini, anatazama boti za visiwani zikipakia, kisha anarudi kukaanga samaki.

Wanawake wa samaki walikaa kando ya njia iendayo bandarini, chini, juani. Askari wa baladiya, ndivyo watu wa Kismayo wanavyoita halmashauri ya mji, walipita kila mara kuwaondosha. Wanawake huinua makarai, husogea hatua chache, husubiri askari wapite, hurudi. Siku moja badala ya askari alikuja mwanamke kijana mwenye miwani, akachuchumaa mbele ya Halati kama mteja. Hakununua. Alisema kwa Kiswahili safi, "Mama, mimi naitwa Wardah. Nafanya kazi baladiya, upande wa mambo ya wanawake. Tuna mkutano kesho, nataka mje."

Wardah alikuwa mtoto wa Kismayo, mama yake Mbajuni na baba yake Msomali, na Kiswahili hicho alikipata kambini Dadaab alikosomea. Halati hakumwamini. Alikwishaitwa katika mikutano mingi na watu waliopiga picha wakenda zao.

"Kuna chai?" akauliza.

"Ipo."

"Na sambusa?"

Wardah akacheka. "Zitakuwapo."

"Basi tutakuja."

Mkutanoni wanawake waliulizwa wanataka nini. Wengi walitaka cherehani, kwa sababu kila mkutano uliopita ulizungumza habari za cherehani. Wengine walitaka kibanda chenye paa sokoni. Ilipofika zamu ya Halati alisimama, akaanza kwa Kisomali, kikamkwama kooni maana alikuwa hajakitumia miaka na miaka, akahamia Kibajuni, ambacho mtu ni mchu. "Mimi ni mchu wa Koyama," akasema. "Nasikia kule wanawake wanachota maji kwenye mashimo ya mchangani. Ukimpa cherehani mwanamke ambaye asubuhi yake yote iko shimoni, atashona saa ngapi? Mimi nataka jabia letu litengenezwe."

Wenzake wakanung'unika. Koyama ni mbali, na wao wako hapa. Baada ya mkutano Wardah alimfuata Halati mlangoni, akamuuliza, "Hilo jabia umeliona?"

"Tangu nikimbie, sijaliona."

"Basi twende tukalione."

Namna hiyo Halati alirudi Koyama, katika boti ya baladiya, amekaa kati ya Wardah na masanduku ya dawa za zahanati. Alinitumia sauti kwa simu usiku ule, na katika sauti hiyo kwa muda mrefu nilisikia upepo tu. Kisha akasema, "Msikiti upo. Nyumba ya Baba imeanguka upande. Mlango haupo, lakini mahali pa mlango nimepajua." Kisha akaniambia habari za jabia. Lilikuwa limepasuka kutoka pembe hadi pembe, na katika ufa miti imeota mpaka usawa wa kiuno. Mbuzi walikuwa wamelala ndani ya birika kavu, kwenye kivuli.

Waliobaki kisiwani walikuwa familia chache, na wengi wao walikuwa watoto wakati Halati akikimbia. Mmoja ni Nuha, mwanamke mdogo mwenye mtoto mgongoni, ambaye Halati alimkuta shimoni. Nuha alikuwa amechimba mchanga mpaka mkono wote unaingia, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kopo, anasubiri tena. Alikuwa pale tangu alfajiri. Mumewe huvua changu na kolekole wazuri, akasema, lakini mwenye boti ya barafu asipokuja samaki wanaoza, na akija anawachukua kwa bei anayoitaka yeye.

"Kwa nini hamfanyi ng'onda?" Halati akauliza.

"Nani? Saa ngapi?" Nuha akamwonyesha kopo. "Na wa kutufundisha mumekwenda nao Mombasa."

Halati alisema maneno hayo yalimchoma kuliko kuiona nyumba.

Wardah aliwakusanya watu mbele ya msikiti, akawaeleza kuwa baladiya inaweza kutoa saruji na mafundi, ila kwa sharti. Jabia litakuwa mikononi mwa kamati, wanawake wawe wengi katika kamati hiyo, na mwenyekiti awe mwanamke. Halafu akainuka Bakri, nahodha mwenye boti kubwa kuliko zote pale, mtu wa rika la Halati, ambaye hakukimbia, au alikimbia akarudi mapema, na tangu siku hizo watu walimsikiliza.

"Bi Wardah, tunashukuru," akasema. "Lakini sisi ndio tuliokaa hapa na risasi. Leo aje mchu kutoka Mombasa, na karai lake, apewe maji ya kisiwa?"

"Kaka Bakri," Halati akasema, "mimi sikuomba uenyekiti."

"Hukuomba, lakini unautaka."

"Naam," Halati akasema, "nautaka."

Watu wakacheka, hata wazee, na Bakri akaketi amekasirika. Kwa kura ya mikono Halati akawa mwenyekiti, Nuha akawa msaidizi wake. Wardah akaahidi saruji itafika kabla ya masika.

Saruji haikufika.

Halati alikuwa ameshahamia Koyama, anakaa na kina Nuha, wanawake wamekwisha kukata miti iliyoota katika ufa na kuwafukuza mbuzi. Jua likazidi. Hakuna boti ya baladiya iliyoonekana. Bakri akipita njiani husema kwa sauti, bila ya kumtazama mtu, "Saruji ya Mombasa nzuri sana, haionekani kwa macho." Simu ya Wardah ikawa haipokewi, na alipoipokea alikuwa mnyonge. Amesukuma na amesukuma, akasema. Kila ofisi inamwambia subiri.

Halati alipanda chombo akarudi Kismayo. Nuha akataka kwenda naye, mumewe akakataa, mama mkwe wake akasema, "Mwache aende, mtoto nitamshika mimi. Nami nimechoka kuchimba." Wakaenda wawili. Asubuhi iliyofuata walibeba jiko la makaa, karai, kapu la samaki na ndimu, wakapita mahali pao pa siku zote, wakaenda kutandika mbele ya lango la baladiya.

Askari wa lango akaja mbio. "Mama, ondokeni! Hapa ni mahali pa serikali."

"Na sisi ni watu wa nani?" Halati akamuuliza. Akamtilia kipande cha nguru katika karatasi, akakamua ndimu. "Kula kwanza, kisha utatuondosha."

Askari alikula. Hakuwaondosha. Saa ya chakula makarani wakatoka, wakanusa, wakanunua. Kila aliyenunua Halati alimuuliza kwa heshima, "Mwanangu, wewe unafanya ofisi gani?" Akijibiwa, husema, "Basi ukirudi ndani, waulize saruji ya Koyama imefika wapi." Wanawake wa samaki wa njia ya bandarini waliposikia, nao wakahamisha makarai. Wale wale waliokuwa wakinung'unika kwamba Koyama ni mbali. Ukuta wote wa baladiya ukawa unatoa moshi.

Wardah alitoka nje siku ya pili amefunika uso kwa mtandio. "Halati," akanong'ona, maana naye alishaanza kumwita hivyo, "unanivunjia kazi yangu!"

"Sikuvunjii, mwanangu. Nakuongezea watu."

Wardah akachuchumaa, akachukua kisu, akaanza kukata ndimu.

Halikupita juma, meya mwenyewe akatoka. Alikuwa na wageni, na wageni walikuwa wameuliza harufu hii nzuri ni ya wapi. Alikuwa mtu mnene, mwenye haya kidogo, na hakutaka kugomba mbele ya watu. "Nani kawaruhusu kukaa hapa?" akauliza.

"Hakuna," Halati akasema. "Karibu ule."

Akala amesimama. Mgeni wake mmoja akaomba kipande cha pili. Halati akaeleza habari zake zote, za jabia na ufa na mashimo, akiwa anageuza samaki, hakuinua hata jicho, kwa sababu alijua akimtazama mtu mkubwa usoni atalia. Meya akamwita karani, karani akamwita mwenzake, ikabainika kuwa saruji ipo. Iko ghalani muda wote huo. Iliyokosekana ni boti. Boti ya baladiya imeharibika mashine, na hapana nahodha aliyekubali kubeba saruji mpaka Koyama, kwani ikilowa italipwa na nani?

"Boti ipo," Halati akasema.

Nuha akamvuta nguo. Boti haikuwapo.

"Lini?" meya akauliza.

"Mutuandalie saruji. Boti itakuja."

Boti pekee iliyofaa ilikuwa ya Bakri, na Bakri alikuwa bandarini Kismayo siku hiyo hiyo, anauza kamba-mawe. Halati akamkuta ameketi juu ya lundo la nyavu, anakunywa chai. Akamwamkia, akakaa.

"Umekuja kunitaka boti," Bakri akasema.

"Nimekuja kukutaka boti."

"Mimi bado sikubali mwanamke awe mwenyekiti wa maji. Nakwambia kweli."

"Nimekusikia."

Bakri akamwaga mashapo ya chai. "Unakumbuka mamako alinichapa kwa ufagio? Nimepita mbio juu ya jabia, na viatu vipya vya Idi. Alinichapa mpaka kwa mamangu, na mamangu akaniongeza." Akatikisa kichwa. "Nilimchukia sana mwanamke yule. Na walipokwisha kwenda wote, kisiwa kimya, nilikuwa nikipita pale na viatu makusudi. Hapana wa kunichapa."

Halati akakipokea kikombe, akakisuza.

"Saruji ikilowa," Bakri akasema, akiinuka, "sote tutaendelea kunywa chumvi. Lete saruji yako."

Njiani kulinyesha rasharasha. Bakri aliifunika saruji kwa turubai lake la pekee, na mabaharia wake na Halati na Nuha na mafundi wawili waliotolewa na baladiya wakalowa mpaka mifupani. Hapana mfuko ulioharibika. Kisiwani wanaume walioapa kuwa hawatainua hata kokoto kwa kamati ya wanawake walimwona Bakri ana mfuko begani, wakajitia wanapita tu, kisha wakabeba. Wanawake walikusanya mchanga na mawe. Mafundi walikuwa vijana wa Kismayo, hodari na wacheshi, wakafundishwa na wanawake nyimbo za vugo wakawa wanaimba vibaya huku wakipiga lipu. Jabia likakauka jeupe, kwa juma zima watu wakawa wanalizunguka kwa mbali kama wanaogopa kuliamsha.

Masika yalichelewa mwaka ule. Yalipokuja yalikuja mchana, watu wametoka kusali adhuhuri. Halati alisema wanawake walitoka majumbani wote, wakasimama mvuani kando ya jabia bila ya mwavuli wala kanga ya kichwa, wanasikiliza maji yakiingia birikani. Mara ya kwanza yaliingia kwa mlio mkavu, kama mtu anayegonga mlango. Kisha mlio ukawa mzito. Nuha alianza kulia, mama mkwe wake akaanza kupiga vigelegele, na Halati alikaa chini katika matope.

Mengine yalikuja polepole, na si yote. Wanawake walipozipata asubuhi zao, Halati aliwafundisha ng'onda, na wao waliwafundisha majirani. Wenye boti za barafu wakakuta samaki hawauzwi tena kwa bei ya kukata tamaa, wakapandisha. Baladiya, ambayo ilitaka sana ukuta wake upumzike na moshi, iliwajengea wanawake wa samaki banda lenye paa na milango ya kufunga katika soko la Kismayo, na sehemu moja ya banda hilo ikawekwa kwa watu wa visiwani. Mara ya kwanza Nuha alikwenda kuuza amefuatana na mumewe. Mara ya pili alikwenda na wanawake wenziwe. Siku hizi, nasikia, mumewe ndiye anayemuuliza atarudi lini na kama atamletea kitu.

Lakini jabia hukauka kabla ya mvua mpya, na miezi ile ya mwisho mashimo huchimbwa tena. Mwalimu wa skuli aliyeahidiwa alikuja akaondoka. Vijana wawili waliobeba saruji wako Ulaya sasa, au njiani.

Mwaka jana nilikwenda. Nilikuwa na wanangu, na nilikuwa nimeogopa kama Halati alivyoogopa, kwa sababu nyingine. Nilikuwa na Koyama yangu, ile ya jikoni Mombasa, na niliogopa kuipoteza. Na kweli, kisiwa ni kidogo. Katika masimulizi, kutoka nyumbani kwa Babu Mbwana mpaka jabia kulikuwa na safari nzima, kuna kwa Bi fulani na kwa fundi fulani na mahali mbwa alipomuuma mtu. Mimi nilitembea mara hii nikafika. Zile nyumba zote alizozitaja njiani zimekuwa marundo ya mawe yaliyoota majani, na yeye aliendelea kuzitaja, moja moja, akionyesha kwa kidole hewani: hapa madirisha, hapa baraza, hapa tulijificha tukicheza kibe.

Tulimpigia simu mama Uingereza. Halati akaishika simu juu, akampitisha nyumba ya baba yao, chumba kwa chumba, ingawa hakuna vyumba. Tulipofika mahali palipokuwa na jiko nikamsikia mama anauliza, sauti ya mtoto kabisa, "Na kina Hussni jirani, wapo?"

"Hawapo, Zakia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Jioni hiyo tulikaa mlangoni kwa Nuha, tumetandika mkeka, wanangu wanakimbizana na watoto wa pale, wanasikilizana kwa nusu ya maneno. Nilimuuliza Halati kama amefurahi kurudi. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, hakuacha.

"Nafurahi," akasema. "Lakini nilifikiri nitarudi nikute. Nimerudi nimetengeneza. Si kitu kimoja." Akasuka kidogo. "Kuna nyakati nafagia jabia na hawa wasichana, wanaimba, na najikuta nageuka kumtafuta Mama. Nageuka kabisa, shingo inauma. Basi nacheka peke yangu, wanafikiri nimezeeka."

"Umezeeka," Nuha akasema kutoka ndani.

"Nyamaza, lete chai."

Wakati huo halmashauri ya wilaya ya Kismayo ilikuwa imetenga viti kwa wanawake, na kimoja walikuwa wamempa yeye, kuwasemea watu wa visiwani. Alikikataa mara ya kwanza. Alisema hajui kusoma Kisomali na hapendi viti vya plastiki. Wardah akaja mwenyewe mpaka Koyama, ameshapandishwa cheo, akalala siku mbili, akala ng'onda kwa nazi, hakusema hata neno juu ya kiti. Alipokuwa anapanda boti kuondoka, Halati akamwambia, "Kikao ni lini?"

Asubuhi ya safari yetu ya kurudi ilikuwa siku ya kikao. Wanawake wa Kudhaa, kisiwa kingine cha Wabajuni, walikuwa wamefika jana yake, wamemtaka awasemee: nao wana jabia bovu, nao wanataka fundi na saruji, na wamekwisha kufanya kamati yao kabisa, hawakungoja mtu. Halati alikuwa amevaa buibui lake jipya, anatafuta miwani ambayo Wardah alimnunulia na ambayo huivaa kikaoni tu. Gatini Bakri alikuwa ameshawasha mashine, anapiga kelele kuwa mheshimiwa anachelewesha watu. Wanangu waliipata miwani chini ya mkeka. Halati akaipangusa kwa upindo wa buibui, akaivaa, akaingia majini na viatu mkononi, na Bakri akampa mkono apande.